Kilo Tatu za Bwana Nyama

Kijijini kwetu Kirua Vunjo tulimwita Bwana Nyama, kwa sababu utu uzima wake wote alikuwa ameajiriwa kulinda mashamba ya watu dhidi ya wanyama. Alipostaafu kazi ilibaki kwa wengine, jina likabaki kwake. Siku ya maziko yake mchungaji alisoma jina lililoandikwa kwenye karatasi, watu wakaanza kutazamana, wengine wakidhani wamekosea msiba. Ikabidi aongeze, "Yaani Bwana Nyama." Ndipo akina mama waliokaa nyuma wakaanza kulia.

Historia yake ilisomwa pale, alipozaliwa, alipobatizwa, watoto na wajukuu. Nilisikiliza mpaka mwisho nikaona kwamba mtu anayesomwa simjui. Mimi ni seremala. Nilikuwa jirani yake kwa miaka kumi na tisa, na karibu miaka miwili ya mwisho, ukiacha miezi mitatu, tulionana kila Jumatano. Huyo wa Jumatano ndiye nitakayemweleza hapa. Ndani ya habari zake kuna kosa langu pia, na sitalikwepa.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyozidi mashati yote aliyowahi kuvaa. Akipanda mlima alikwenda polepole mno, hatua moja, kisha anasimama kama aliyesahau kitu nyumbani. Akiteremka alikimbia. Nilipomuuliza sababu alisema kupanda unamwendea mnyama, kushuka unaiendea chai. Alipiga hodi kila mahali, hata dukani, hata kwenye karakana yangu isiyo na mlango. Alisimama nje ya nguzo mbili na kuita, "Hodi, Fundi," na nisipojibu haraka alirudi kwake, kisha nikaitwa mtu wa dharau kwa wiki nzima.

Hakupenda kelele za watu. Kwenye harusi alikula, akashukuru, akaondoka kabla ngoma haijaanza. Lakini redio yake ilisikika mpaka kwenye mfereji wa juu, mfereji ule wa wazee unaoleta maji kutoka msituni. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mpira, kwaya, vyote kwa sauti moja kubwa. Nilimwambia siku moja kwamba redio ile inanizuia hata kusikia msumeno wangu. Alinijibu bila hasira.

"Ukiizima, nyumba inakuwa kubwa."

Mke wake alikuwa amefariki zamani. Watoto wake wawili walikuwa mbali, mmoja Mwanza, mwingine nje ya nchi, na walipiga simu Jumapili baada ya ibada. Sisemi kwamba walikuwa watoto wabaya. Walikuwa na shughuli zao, na yeye mwenyewe aliwaambia kila Jumapili kwamba hajambo na hakosi kitu. Nilikuwa nikimsikia akisema hivyo, nikawa najua ni uongo, nami nilikuwa nikisema uongo huohuo kwenye simu yangu. Mke wangu alikwenda Arusha kwa binti yetu kulea mjukuu kwa miezi mitatu, na sasa huu ni mwaka wa tano.

Desemba kwetu ni mwezi wa kurudi nyumbani. Magari hupanda kutoka Dar na kila mahali, nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa, mbuzi huchinjwa, na njia yetu ya vumbi inakuwa kama ya mjini. Bwana Nyama alianza kujiandaa Novemba. Alikata uzio wake wa masale, mimea ile ya majani marefu, ukanyooka kama uliopigwa uzi, akapaka chokaa mawe ya langoni, akafagia mahali pa kuegesha gari. Mbele ya lango lake kulikuwa na shimo barabarani, na kila gari lilipofika pale lilipunguza mwendo. Kila gari lilipopunguza mwendo, yeye aliinuka kwenye kigoda. Nilijitolea kulijaza kokoto lile shimo. Alikataa, akasema niliache kama lilivyo.

Watu walimwogopa kidogo kwa sababu ya bunduki. Laiti wangejua. Mtu huyu alikuwa ameangusha nyati na tembo kwa amri ya serikali, lakini kuku wa Krismasi alimleta kwetu, enzi zile mke wangu yupo, ili achinjiwe, na yeye akazunguka nyuma ya nyumba akawa anatazama kilele cha Kibo mpaka kazi iishe. Nyama ya porini hakuila. Wala hakusimulia hata siku moja mnyama aliyempiga. Alisimulia aliowakosa na aliowaacha. Alijua kwa majina ya vichaka na vijito mahali ambapo hakufyatua, na kwa kila pahali alikuwa na sababu. Upepo ulibadilika, au mama mmoja alikuwa akikata majani ya ng'ombe nyuma ya mnyama, au mnyama mwenyewe alikuwa ananyonyesha.

Alistaafu, lakini bunduki yake mwenyewe alibaki nayo kwa leseni, na watu wenye mashamba ya mahindi huko chini, tambarare upande wa Himo, waliendelea kumfuata. Kwetu mtu ana kihamba juu, migomba na kahawa na ng'ombe, na ana shamba la mahindi chini, mbali na macho yake. Nyani wanalijua hilo kuliko sisi. Hungoja mahindi yakomae, huja asubuhi kundi zima na kuvuna bila jasho. Mtu akiharibiwa alikwenda kwa ofisa wa kijiji kuchukua kibali, kisha kwa Bwana Nyama.

"Hodi. Shikamoo Bwana Nyama."

"Marahaba. Wako wangapi?"

Hakuuliza habari za nyumbani kwanza. Alichukua kofia, akachukua bunduki, akafunga redio, na siku hiyo alitembea kama kijana. Mara nyingi hakuua. Alipiga risasi moja juu ya mti, kundi likahama kwa wiki mbili, watu wakamletea mkungu wa ndizi au kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Hiyo ndiyo hodi pekee iliyopigwa kwenye mlango wake, ukiacha yangu. Nilichelewa kuliona jambo hili, na nilipoliona nililitumia vibaya.

Tulifahamiana vizuri kwa sababu ya kitako cha bunduki yake kilichopasuka. Alikuja na karatasi zake zote mkononi, akaziweka juu ya meza yangu kabla ya kuniruhusu kushika kitu. Ilikuwa bunduki ya komeo, yaani ile ambayo kila risasi unaiingiza mwenyewe, unainua komeo, unavuta, unasukuma, unalaza. Kitu cha zamani, kizito, kilo nne na nusu. Nilikiunga kitako kwa gundi na pini za mbao mpaka mstari haukuonekana. Alikigeuza juani akasema kazi ni nzuri, ila bunduki atakayonunua sasa itakuwa na kitako cha plastiki.

Niseme ukweli, nilikasirika. Nilimwuliza plastiki imemkosea nini mti.

"Mti unakunywa maji," alisema. "Masika hapa ni miezi mingapi? Unavimba, unausukuma mtutu pembeni. Umelenga nyani, umempiga mgomba wa mtu."

"Mti uliokaushwa vizuri hauvimbi."

"Mlango wako wa chooni umekaushwa na nani?"

Mlango wangu wa choo ulikuwa haufungi tangu mwezi wa tatu. Ndivyo Jumatano zetu zilivyoanza, kwa ugomvi wa plastiki, na kuanzia siku hiyo nilijua kwamba anatafuta bunduki nyepesi. Hakusema mikono imechoka. Alisema ile ya zamani imeongezeka uzito.

Kuchagua kulichukua miezi. Mjini Moshi kulikuwa na duka moja la silaha, la mzee mmoja Mwislamu mpole, familia yake imekaa mjini tangu enzi za babu zake. Tulikwenda pamoja. Bwana Nyama alinawa mikono kwenye bomba la nje kabla ya kuingia. Mwenye duka alimpa bunduki moja moja, tupu, na yeye alifanya vilevile kila mara. Alifumba macho, akaipandisha begani, akaegemeza shavu, kisha akafumbua. Jicho likikuta kilengeo mbele yake bila kutafuta, bunduki imemkubali. Likitafuta, aliirudisha na kushukuru.

Aliyoipenda sura aliikataa kwa sababu ilimeremeta, akasema nyani watajitazamia. Nyingine ilikuwa na mtutu uliokatwa mfupi ili kupunguza uzito, akasema hiyo itabweka na kumtia mtu uziwi, tena mbele haina kitu, inayumba. Nyingine ilikuwa nyepesi kweli, lakini ilikuwa na darubini kubwa kama birika.

"Mmeondoa nusu kilo kwenye kitako mkairudisha juu," alimwambia mwenye duka. "Mimi nitabeba yote, siyo?"

"Wewe ndiye mbebaji, mzee wangu."

Mara ya tatu mwenye duka alimketisha, akamwagizia kahawa, akamwambia bila kumficha. Nyepesi kuliko zote anayoweza kuagiza, ya komeo, kitako cha plastiki, darubini ndogo, mkanda wake na risasi nne ndani, ni kilo tatu kamili. Chini ya hapo hana.

Njia yote ya kurudi Bwana Nyama alikuwa akisema, "Kilo tatu," kwa sauti ya mtu anayejifunza jina la mgeni.

Nilimwambia aagize tu, kilo tatu ni nini, ni mfuko wa sukari na nusu yake. Alinitazama kwa huruma. Alisema bunduki haipimwi dukani, kwa sababu dukani mtu amekaa na amekunywa kahawa. Inapimwa juu mlimani, pumzi zikiwa zimekwisha na miguu inatetemeka. Basi akaniagiza kazi ambayo sijawahi kupewa kabla wala baada. Nimtengenezee bunduki ya mti.

Niliichonga kwa mbao ya mti wa mringaringa, nikaweka bomba la maji la chuma kuwa mtutu na komeo la mlango kuwa komeo, ili aweze kuinua, kuvuta, kusukuma na kulaza. Nilianza na kilo nne, kwa mizani yangu ya kuning'iniza, nikaandika uzito kwa penseli chini ya kitako. Mpango ulikuwa huu. Kila Jumatano asubuhi anaibeba kutoka karakanani hadi kwenye mfereji wa juu, mwendo wa karibu saa moja kwa hatua zake. Akifika hapumziki. Anageuka kuutazama mti fulani mkubwa ng'ambo ya maji, anapandisha begani, na mimi nahesabu. Akifika ishirini bila mtutu kutikisika, uzito huo anauweza. Akishindwa, naipunguza kwa randa, tunajaribu wiki nyingine.

Watu walisema mzee ameanza kurudi utotoni, anatembea na bunduki ya mti, na seremala anamfuata nyuma kama askari wake. Nilicheka nao, halafu nikamfuata.

Kwa nini ishirini? Alinieleza mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye kingo za mfereji, na ndiyo hadithi pekee ya mnyama aliyempiga niliyoisikia kwake. Kulikuwa na nyati. Alikuwa amemfuata toka alfajiri, na alipomwona mikono ilikuwa imechoka na mtutu ulianza kushuka. Akafyatua haraka kabla haujashuka zaidi. Nyati aliumia, hakufa, akaingia kichakani. Kesho yake nyati yule alimkuta mtu akikata majani ya ng'ombe, akamjeruhi. Mtu huyo hakufa, lakini alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake, na Bwana Nyama alikwenda kumwona kila Desemba, akimpelekea nguo na sukari.

"Hakunilaumu hata siku moja," alisema. "Alikuwa akinikaribisha chai. Mkono uliochoka una haraka, Fundi. Ndiyo maana nataka ishirini."

Naliandika hili ili ieleweke kwamba nilikuwa nimeambiwa. Sikufanya nilichofanya kwa kutojua.

Kwenye kilo nne alifika sita. Nikaranda, tatu na robo tatu, akafika nane. Tatu na nusu, tisa. Mti ulikuwa ukipungua, lakini na mikono nayo ilikuwa ikipungua, hivyo kila nilipozidi kuranda aliongeza hesabu moja au mbili tu. Kwenye kilo tatu kamili alifika kumi na moja, mtutu ukaanza kuandika hewani. Tukarudia Jumatano mbili, tatu. Kumi na mbili. Kumi. Nilikuwa nimeanza kumpelekea mtori, supu yetu ya ndizi, jioni, nikisema umezidi nyumbani, na yeye aliula wote na kunirudishia sufuria limeoshwa.

Kwaresima ilipoanza alisema ameamua. Akishindwa kilo tatu mpaka Pasaka, anaipeleka bunduki yake ya zamani kituoni, na atakayekuja na habari za nyani atamwambia aende serikalini.

"Na wewe nitakuacha ufanye kazi," alisema. "Nimekupotezea Jumatano nyingi."

Alisema kwa wema. Mimi nilirudi karakanani nikakaa juu ya ubao. Nilijiona nitakavyokuwa Jumatano bila yeye, nikisikia redio ng'ambo ya uzio na kusukuma randa. Kila mtu akiniuliza leo kwa nini nilifanya vile naweza kusema nilimwonea huruma, na si uongo. Lakini huruma kubwa zaidi nilijionea mwenyewe. Nilikuwa mpweke na nilikuwa naona aibu kusema.

Jumatatu iliyofuata nilitoa lile bomba la chuma nikaweka bomba la antena ya televisheni, jepesi kama bua, nikalipaka rangi nyeusi. Nikatoboa kitako kwa ndani kutoka chini, nikafukua kama mzinga, nikaziba kwa kipande cha mti uleule, nyuzi zimelingana. Nikaipima. Kilo mbili na robo. Chini ya kitako maandishi ya penseli yalibaki vilevile, tatu.

Jumatano ile alifika ishirini. Akaendelea mpaka ishirini na tatu, kisha akaishusha mwenyewe, taratibu, kwa kupenda. Alinigeukia akicheka, nikaona meno yake ya chini ambayo sikuwahi kuyaona.

"Ni mtori wako," alisema. "Mwili umerudi, aisee."

Nikasema ndiyo, mtori una nguvu. Tulirudia Jumatano nne zaidi, na kila mara alifika. Alinyoosha mgongo. Aliwaambia watu wa mashamba ya chini wasiwe na wasiwasi msimu huu. Pasaka ilipopita alikwenda mjini, akaagiza bunduki mpya, akaiacha ile ya zamani pale dukani iuzwe, kwa kuwa leseni yake ilikuwa ya moja. Jumatano zikaendelea, sasa bila kupima, tukitembea tu na kuongea. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote. Nasema hivyo nikijua zilisimama juu ya nini.

Bunduki ilifika mwezi wa nane. Alivaa koti. Pale mjini, kabla ya kuingia dukani, alipanda na kushuka ngazi za jengo la jirani mara tatu ili pumzi zimwishe, maana bunduki haipimwi mtu akiwa amepumzika. Mlinzi wa jengo alimtazama, akanitazama, nikamwambia amwache. Kisha tukaingia. Kulikuwa na wateja wawili. Mwenye duka alimkabidhi kwa mikono miwili, akiwa na furaha kama yeye ndiye anayenunua.

Alifumba macho, akaipandisha, akafumbua. Nikaona kwamba jicho limekuta. Ilikuwa imemkubali. Akaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Kwenye nane mtutu ulianza kuandika. Kwenye kumi ulishuka, akaupandisha. Kwenye kumi na moja ulishuka tena mpaka ukagonga kioo cha meza, mlio mdogo tu, kioo hakikuvunjika. Wateja wale waligeuka wakatazama ukutani. Hilo lilikuwa baya kuliko kama wangecheka.

"Pumzika kwanza, mzee wangu," mwenye duka alisema.

"Hii ina kilo ngapi?"

"Tatu. Kama tulivyokubaliana."

"Ipime."

Ikapimwa mbele yetu. Tatu kamili. Bwana Nyama hakuitazama mizani. Aliitazama mikono yangu, mmoja, kisha mwingine, kama anavyotazama nyayo njiani. Akamwambia mwenye duka ampatie mtu mwingine bunduki zote mbili, mpya na ya zamani, akamshukuru kwa kahawa ya siku zote, akatoka mikono mitupu.

Tulirudi mpaka langoni kwake. Pale alisimama.

"Fundi. Mizani yako ina tatizo gani?"

Nilikuwa na nafasi. Nikasema, "Labda imechoka."

"Mizani haichoki," alisema, akaingia ndani.

Jumatano haikuja hodi, wala iliyofuata. Redio ilishushwa sauti mpaka ikawa sisikii. Mahindi ya chini yalikuwa yamekwisha vunwa, hivyo hata nyani hawakumletea mtu. Nilipita mbele ya lango lake nikiwa na shughuli na nisipokuwa nayo. Tulipokutana kanisani nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za mke wangu, tukaachana. Alikuwa na adabu na mimi, na adabu ile ndiyo iliyonitesa.

Ikafika Novemba, na hakukata uzio. Masale yalirefuka, yakainamia barabara, mawe ya langoni yakabaki na chokaa ya mwaka uliopita. Magari ya kwanza yalianza kupanda. Nililiona moja likipunguza mwendo kwenye shimo, na kigoda chake kilikuwa pale uani kitupu.

Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake kosa zito hapeleki maneno matupu. Anapeleka jani la isale, mmea uleule wa uzio, na akilipeleka amekiri, hawezi tena kusema mizani imechoka. Anayelipokea amesamehe. Ndiyo maana nilikuwa nimechelewa miezi mitatu. Nilikata jani kwenye uzio wangu, nikalishika wazi mkononi, nikachukua na ile bunduki ya mti na bomba lake la chuma lililokuwa chini ya meza, nikaenda mchana mweupe watu wakiniona.

Nilipiga hodi. Alikuwa amekaa jikoni akimenya ndizi. Alilitazama jani muda mrefu.

"Umelikata kwako au kwangu?" aliuliza. "Maana mengi yananing'inia huko barabarani."

"Kwangu, Bwana Nyama."

Alifuta mikono, akalipokea, akaliweka juu ya rafu ya vikombe. Kisha akasema, "Haya. Ilikuwa kilo ngapi?"

"Mbili na robo."

"Zote?"

"Jumatano tano za kupima, za mwisho."

Alimenya ndizi moja mpaka ikaisha. "Ningempiga mtu, Fundi. Ningekwenda kule chini na kilo tatu, nikijua naziweza."

"Najua."

"Nilikuambia habari za yule mtu."

"Uliniambia."

"Sasa kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njiani, na yote yalinipotea. Nikasema, "Ungeshindwa usingekuja tena."

Alinitazama kama nimesema kitu cha kijinga, na kwa kweli kilikuwa cha kijinga. "Si ungesema tu," alisema. "Ungesema, Bwana Nyama, njoo Jumatano."

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Yeye hakunibembeleza. Aliendelea na ndizi zake, kisha akaniambia nirudishe uzito wa ile bunduki, mbele yake. Nikatoa bomba la antena nikaweka la chuma, nikajaza misumari kwenye kitako mpaka mizani ikasema tatu. Alikwenda nayo uani, akaipandisha, nikahesabu. Saba. Akanirudishia.

"Basi hiyo ndiyo kweli yake," alisema. "Itundike kwako. Kwangu nitaichukia."

Jumatano iliyofuata nilikuwa nikichonga mguu wa kiti nikasikia, "Hodi, Fundi," nje ya nguzo mbili. Niliitika haraka kuliko nilivyowahi kuitika. Alikuwa na kofia yake na mikono mitupu. Tulipanda. Alikwenda polepole zaidi ya zamani, akisimama mara kwa mara, na mikono ile mirefu hakujua aiweke wapi, mara mfukoni, mara nyuma. Hakuna aliyetaja bunduki. Alinionyesha kichaka ambamo hakumpiga chui, nikajifanya ni mara ya kwanza kusikia.

Tulipofika kwenye mfereji aligeuka kuutazama ule mti ng'ambo ya maji, kama alivyozoea, kabla hajapumzika. Akafumba macho. Akapandisha mikono mitupu begani, akaegemeza shavu kwenye hewa, akafumbua. Sikujua kama anatania. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, maana sikujua kingine cha kufanya, naye akashikilia, pumzi zikimtoka kwa shida, vidole vimekunjwa mahali ambapo komeo lingekuwa. Nilifika ishirini na mikono haikutikisika.

Akaishusha taratibu.

"Hii naichukua," alisema.

Tukateremka kuifuata chai. Siku hiyo hakukimbia.